Mawe yakiisha, mulima unabakia: migodi iliyogeuka miji ya ski

Karibu na muji wa Rancagua, inchi ya Chile, kampuni ya shaba ilijengea wafanyakazi wake kiwanja cha ski. Haiko uwanja wa mupira, haiko serkle ya kunywa bia. Ni mulima muzima wa theluji, wenye kamba za chuma za kupandisha watu juu. Mufanyakazi anamaliza posti zake, siku ya mapumziko anachukua bibi na watoto, wanapanda kwenda kuteleza. Sisi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi tukisikia habari hiyo, tunacheka kwanza. Tukiisha kucheka, tunauliza: ni namna gani?

Leo tunazungumza juu ya ski na vyombo vyake, fasi inakochezwa na miezi yake. Ndugu wasomaji wasiseme kwamba ni mambo ya matajiri wa Ulaya paka. Miji mingi ambayo leo matajiri wanalipa bei nguvu kuingia, jana ilikuwa migodi: shaba, risasi, zinki, feza. (Feza tunayosema hapa ni jiwe, si ile ya mufukoni.) Siku moja mawe yaliisha, ao bei yake ilianguka, na watu wakabaki wanaangalia mulima. Kuna muji uliokufa. Kuna mwingine uliokumbuka kwamba juu ya mulima ule kulikuwa kitu kingine.

Ski ni kitu gani

Theluji ni maji yaliyoganda kule juu mawinguni. Inaanguka pole pole, nyeupe na nyepesi kama unga wa muhogo unaopepetwa. Ikirundikana metre moja ao mbili, mawe na majani yote yanafunikwa, na mulima unakuwa muteremko laini. Mutu akifunga vibao viwili virefu ku boti zake, kila muguu na kibao chake, hiyo njo ski. Akifunga miguu yote miwili juu ya ubao mumoja mupana na kusimama kiubavu, hiyo njo snobodi.

Watu wa Norvège na majirani wao Wasami walitumia ski miaka maelfu kabla haijakuwa muchezo. Ilikuwa chombo cha kazi: kuwinda, kubeba mizigo, kutembelea jamaa wakati njia zimefungwa. Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya wakati wa baridi ilifanyika ku Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Snobodi yenyewe ni kijana: mwaka 1965 baba mumoja wa Muskegon, Marekani, Sherman Poppen, alifunga ski mbili pamoja ili watoto wake wanawake wacheze. Mwaka 1998 ubao ule uliingia katika Olimpiki ku Nagano, Japani.

Kushuka ni rahisi, taabu ni kupanda. Mwaka 1936, ku Sun Valley, Marekani, waliweka viti vya kwanza vinavyoning'inia ku kamba. Injinia wa kampuni ya treni, James Curran, ndiye aliyevifikiri. Zamani alikuwa ameona mashine inayopakia ndizi ndani ya mashua: vikonyo vya ndizi vinaangikwa ku ndoano, ndoano inatembea ku kamba. Akasema: tuondoe ndizi, tuangike mutu. Ata leo, mamilioni ya watu wanapandishwa mulimani kwa akili iliyotoka ku ndizi.

Chile: wachimbaji wa shaba juu ya theluji

Mugodi wa El Teniente, ku milima ya Andes, ni mugodi wa shaba wa chini ya udongo ulio mukubwa kupita yote duniani. Galeri zake zinapita kilometre 3.000. Mwaka 1905, kampuni ya Wamarekani ilianza kujenga muji wa wafanyakazi palepale juu, zaidi ya metre 2.000, ku muteremko mukali sana. Waliuita Sewell. Gari haikuweza kupita ndani yake. Njia zote zilikuwa ngazi, na mama alipanda ngazi na kikapo chake sawa vile muchimbaji alipanda na lampi yake. Wakubwa wa Kiamerika waliishi upande wao, Wachile wakaishi katika majumba marefu ya vyumba vidogo vidogo. Musomaji wa Lubumbashi ambaye babu yake aliishi kambi ya Union Minière hana lazima ya kuelezewa mambo hayo.

Kule theluji haikuwa muchezo, ilikuwa adui. Tarehe 8 mwezi wa nane 1944, theluji iliyorundikana juu ya Sewell iliporomoka na kufunika nyumba. Watu 102 walikufa. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 19 mwezi wa sita 1945, msiba mwingine: moto uliwaka karibu na mulango wa mugodi, moshi ukaingia ndani ya galeri, na wachimbaji 355 wakakufa, wengi bila kuona ata mwali mumoja wa moto. Kiisha hapo njo kampuni ilianza kazi ya usalama kwa kweli.

Mwaka 1971 serikali ya Chile ilichukua migodi yote mikubwa ya shaba, kama vile kwetu Union Minière iligeuka Gécamines miaka michache mbele. Kampuni ya serikali, Codelco, njo iko na El Teniente mupaka leo. Wafanyakazi walishushwa kukaa Rancagua, Sewell ikabaki bila watu, na mwaka 2006 UNESCO iliandika muji ule katika urithi wa dunia. Kiwanja cha ski tuliyotaja ku mwanzo kinaitwa Chapa Verde. Codelco ilikijenga kwa ajili ya watu wake wa El Teniente. Nyuma milango ikafunguliwa kwa wageni pia. Theluji ile iliyoua babu, mujukuu anaiteremkia na kucheka.

Tusidanganyane kwamba kule yote ni furaha. Tarehe 31 mwezi wa saba 2025, udongo ulitetemeka ndani ya El Teniente, galeri zikaanguka, wafanyakazi 6 wakakufa. Ski haiondoe hatari ya mugodi. Lakini inaonyesha kampuni moja ya shaba iliyofikiri kwamba mufanyakazi ana siku ya mapumziko, ana bibi, ana watoto, na mulima haukuumbwa paka kwa kutobolewa.

Park City: kwenda ku ski ndani ya treni ya mugodi

Sasa tupande kaskazini, Marekani, jimbo la Utah. Muji wa Park City ulizaliwa nyuma ya mwaka 1868, wakati walipoona feza, risasi na zinki ndani ya milima. Matajiri wengi walitoka pale. Misiba pia haikukosa: mwezi wa saba 1902, baruti ililipuka ndani ya mugodi wa Daly-West, watu 34 wakafa. Chini ya milima ile kulichimbwa galeri zinazopita kilometre 1.500 ukiziunga pamoja.

Bei ya mawe ilianguka. Kufika miaka ya 1950, Park City ilikuwa inaandikwa katika vitabu vya miji iliyokufa. Nyumba zilifungwa, vijana wakaondoka. Hapo kampuni ya migodi yenyewe ikafanya kitu ambacho kinastahili kusomwa mara mbili: iliomba mukopo ku serikali, ku feza zilizowekwa kwa kusaidia fasi zenye shida ya kazi, na mwaka 1963 ikafungua kiwanja cha ski juu ya ardhi yake. Watu wale wale waliofahamu kamba, moteri na chuma cha mugodi, wakafunga kamba za kupandisha wageni.

Wakaenda mbali zaidi. Walikuwa na treni ya mugodi, walikuwa na galeri, walikuwa na lifti ya kupandisha wachimbaji. Wakafikiri: juu ya nini tuviache vioze? Wageni wakapakiwa ndani ya vigari vya wachimbaji na ski zao mukononi, wakaenda karibu kilometre 5 ndani ya giza, kiisha lifti ikawapandisha zaidi ya metre 500. Mulango ukifunguka, wako juu ya mulima, katika jua na theluji. Maji ya galeri yaliwadondokea nguo, na kwenda kulikawia. Miaka michache nyuma njia ile ikafungwa. Lakini majengo ya zamani ya mugodi yangali yanasimama katikati ya njia za ski, na mwaka 2002 Park City ilipokea michezo mingi ya Olimpiki.

Alta na Aspen: baruti na bei ya nyumba

Si mbali na Park City kuna Alta, nayo ilikuwa muji wa feza. Zamani theluji iliporomoka pale mara kwa mara na kuua wachimbaji. Kiti chake cha kwanza cha ski kilianza mwaka 1939, na kilijengwa na vyuma vya kamba ya zamani iliyoshusha mawe. Nyuma ya Vita vya Pili, askari mumoja wa milimani, Monty Atwater, alianza palepale kujifunza namna ya kuangusha theluji kwa baruti mbele haijaanguka yenyewe. Kazi hiyo inafanywa mupaka leo ku viwanja vingi. Asubuhi mapema, kabla ya wageni, walinzi wa mulima wanapanda na baruti, wanatega, wanajificha, wanapiga. Theluji mbaya inaporomoka wakati hakuna mutu chini. Kwa muchimbaji wa Kolwezi hiyo ni kazi anayoijua: kupiga mine, kungoja, kuhakikisha, kiisha kuruhusu watu waingie.

Aspen, jimbo la Colorado, inafundisha somo lingine. Mwaka 1893 serikali ya Marekani iliacha kununua feza kama zamani, bei ikaporomoka, na Aspen iliyokuwa na watu zaidi ya 10.000 ikabakia na mamia tu. Mwaka 1946, mufanyabiashara wa Chicago, Walter Paepcke, na wenzake walianzisha kampuni ya ski. Leo ni moja ya miji ya bei nguvu kabisa duniani. Lakini angalia nani anakaa pale. Mupishi, mufagiaji wa vyumba, mulinzi wa mulima, wengi hawawezi kulipa nyumba ndani ya muji wanamofanya kazi. Wanaamuka usiku, wanapanda bisi kutoka chini ya bonde. Muji umefufuka, lakini haukufufuka kwa wote.

Park City nayo ilijifunza hivyo. Tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2024, siku ambazo wageni ni wengi kupita zote, walinzi wa mulima karibu 200 waliweka chini vyombo. Sendika yao ilidai mushahara wa kwanza upandishwe kutoka dola 21 kwa saa kufika 23. Wageni walisimama katika mistari mirefu, njia nyingi zikabaki zimefungwa, juu bila mutu wa kupiga baruti na kuokota walioumia, mulima haufunguliwi. Nyuma ya siku karibu 13 kampuni ilikubali. Mutu aliyefanya mugomo mu mugodi anaelewa: nguvu ya mufanyakazi ni kazi yenyewe.

Vyombo: kutoka kichwa mupaka miguu

Muchimbaji anajua kwamba vyombo vya kujilinda si mapambo. Ku ski ni sawasawa. Tuvipitie kimoja kimoja, na musomaji atalinganisha na vile anavyovaa ku kazi.

Kaske: nyepesi kuliko ile ya mugodi, yenye pamba ndani, inafunika masikio. Zamani watu walidharau, leo wengi wanaivaa, juu mti na jiwe haviogope ufundi wa mutu.

Malineti: makubwa, yanafunga uso pande zote. Theluji safi inarudisha juu karibu yote ya miali ya jua, na jua la juu mulimani ni kali kuliko la chini. Mutu asiyevaa malineti anaweza kuchomeka macho, jioni akalia machozi kama aliyetazama moto wa kushonea vyuma. Ngozi pia inaungua, nyeusi ao nyeupe, kwa hiyo mafuta ya kukinga jua yanahitajika ata kukiwa baridi.

Nguo: siri ni kuvaa tatu. Ya ndani ni ya sufi ao ya nyuzi za kiwanda, isiwe ya pamba. Pamba inanyonya jasho na kubaki na maji, na maji ku ngozi wakati wa baridi ni adui wa kwanza. Ya katikati inashika joto. Ya inje inakataa upepo na maji. Ukisikia joto, unavua moja. Vifuniko vya mikono ni lazima. Vingine vina betri ndogo ya kupasha vidole moto.

Boti: ngumu, za plastiki, zinafunga muguu mupaka juu ya kifundo. Kutembea nazo ni taabu, mutu anatembea kama roboti. Lakini ndani ya ski, zinapeleka kila musukumo wa goti ku kibao. Boti za snobodi ni laini zaidi.

Kifungio: hiki njo chombo cha akili. Kinashika boti ku ski, lakini mutu akianguka vibaya kinafunguka chenyewe ili muguu usivunjike. Fundi anakipima kufuatana na kilo za mutu, urefu wake, umri wake na ujuzi wake. Kikikazwa sana, hakifunguki. Kikilegezwa sana, kinafunguka bila sababu. Mutu asikiguse bila fundi.

Ski yenyewe: ndani ni mti, juu yake nyuzi za kioo na mara nyingine bati la aluminiumu, pembeni kuna ukingo wa chuma unaouma barafu, chini plastiki inayopakwa nta. Nta inachaguliwa kufuatana na baridi ya siku. Mutu anayeanza haina lazima anunue: anakodi kwa siku, anajifunza na mwalimu.

Kwa wale wanaotoka inje ya njia zilizolindwa, kuna vyombo vitatu ambavyo havitengane: redio ndogo inayovaliwa ku kifua na kutoa sauti ku mawimbi ya kilohertz 457, fimbo ndefu ya kutoboa theluji, na mupao. Theluji ikifunika mutu, wenzake wanageuza redio zao kusikiliza yake, wanatoboa, wanachimba. Dakika 15 za kwanza njo zenye matumaini. Zikipita, nafasi ya kumukuta muzima inashuka haraka. Hakuna muda wa kungoja wasaidizi kutoka muji. Ni mwenzako aliye karibu njo atakuokoa. Wale waliowahi kuchimbua ndugu chini ya udongo ulioanguka hawahitaji tuwaeleze zaidi.

Na mawe yetu yako wapi? Shaba iko ndani ya moteri zinazovuta kamba za viti. Kobalti iko ndani ya betri nyingi za telefone na vyombo vya kuchajia. Koltani na bati za Kivu na Maniema zinaingia katika vyombo vya elektroniki sawa ile redio ya kifua. Congo haina kiwanja cha ski, lakini mulima wa ski hauendi bila migodi ya ulimwengu.

Kalenda: theluji inafuata jua

Baridi ya kaskazini na baridi ya kusini haziji pamoja. Sisi tukiwa katika mvua, kutoka mwezi wa kumi na mbili mupaka wa ine, theluji iko ku Ulaya na Marekani: Alpes za Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria, Aspen, Park City na Alta. Maroko nayo iko na Oukaïmeden, mulima ulio karibu na Marrakech, kunakochezwa ski katika miezi hiyo hiyo.

Baridi yetu ya kiangazi ikianza, mwezi wa sita, theluji inahamia kusini. Ni zamu ya Chile na Argentina, ya Nyuzilandi na Australia, mupaka mwezi wa kenda ao wa kumi. Portillo, ku Chile, iko juu ya metre 2.800, na mwaka 1966 ilipokea mashindano ya dunia ya ski, mara moja pekee yaliyofanyika upande huu wa kusini. Timu nyingi za Ulaya zinasafiri kule wakati kwao ni joto. Kwa wenye haraka, barafu ya Zermatt, Uswisi, inaruhusu kuteleza mwaka muzima.

Karibu yetu zaidi iko Lesotho, inchi ndogo iliyozungukwa na Afrika ya Kusini. Kiwanja chake kinaitwa Afriski, juu ya metre 3.000, ku milima ya Maluti, na muda wake ni kutoka mwezi wa sita mupaka wa nane. Theluji ya mbinguni ikikosa, mashine zinatengeneza nyingine. Mutu wa Lubumbashi anaweza kuruka na ndege mupaka Johannesburg, kiisha akashika njia ya gari karibu masaa matano. Lesotho nayo ni inchi ya wachimbaji: miaka zaidi ya mia moja wanaume Wabasotho wameshuka ndani ya migodi ya zahabu ya Afrika ya Kusini, bibi zao wakibaki na mashamba. Na ku milima ile ile ya Afriski kuna mugodi wa almasi wa Letšeng, ulipookotwa mwaka 2006 almasi ya karati 603 iliyopewa jina la Lesotho Promise.

Na Congo? Tuko na theluji yetu. Ku mupaka na Uganda, ndani ya Hifadhi ya Virunga, Ruwenzori inapanda mupaka metre 5.109 ku kilele cha Marguerite, karibu kabisa na ikweta. Haiko fasi ya ski, ni fasi ya kupanda na kamba. Na ile barafu inaisha. Sehemu kubwa ya ile wazee waliyoiona mwanzo wa karne ya 20 imekwisha kuyeyuka.

Hilo njo neno zito kwa miji ya ski pia. Ku Alpes, viwanja vya chini vinafungwa moja moja, juu theluji inakawia kuja na inaondoka mapema. Mashine za theluji zinahitaji maji mengi na umeme mwingi. Muji ulioweka matumaini yake yote ku theluji uko sawa na muji ulioweka yote ku shaba: siku bei ya mawe ao joto la hewa linageuka, wote wanalia pamoja.

Inatuhusu nini sisi

Hatusemi kwamba Kolwezi itakuwa Aspen. Theluji haitaanguka ku Likasi. Tunasema kwamba miji ile yote ilipata siku ambayo sisi pia tutaipata, na wengine kati yetu tuliipata tayari: mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondolewa mara moja, kwa jina la kuondoka kwa hiari. Tunajua familia zilizouza vyombo vya nyumba. Tunajua watoto walioacha masomo mwaka ule wakaenda kuchimba na mikono.

Kwa hiyo somo la kwanza ni wakati. Park City ilifungua ski wakati kampuni ya migodi ingali na watu, na mashine, na jina la kuombea mukopo. Ingengoja mupaka wa mwisho aondoke, treni ingekuwa kutu, fundi wa kamba angekuwa mbali.

Somo la pili ni uchafu. Kitongoji kimoja cha Park City kilijengwa juu ya mabaki ya viwanda vya madini, na risasi ilikuwa ndani ya udongo wa bustani zao. Muji ulilazimika kuandika sheria ya kufunika udongo ule na udongo safi na majani. Maji yanayotoka ku galeri za zamani, watu wanayanywa, lakini kiisha kusafishwa kwa mashine ya bei nguvu. Hakuna utalii, hakuna shamba, hakuna kitu kinachoota juu ya sumu. Anayeishi karibu na terili ao ku kando ya muto unaopokea maji ya kiwanda anaelewa ni kazi gani inapaswa kufanywa mbele.

Somo la tatu ni mugawo. Sheria ya migodi ya Congo, iliyogeuzwa mwaka 2018, inasema kodi inayolipwa ku mawe inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji ao sekta ya fasi mugodi ulipo, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo, ule unaoitwa Fomin. Ku shaba kodi hiyo ni asilimia 3,5. Ku kobalti ni 10. Tena kila kampuni inapaswa kuweka asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji na mitaa inayoizunguka, na kuandikiana nao ahadi katika kaye de sharje.

Mufuko wa vizazi vijavyo uliandikwa kwa ajili ya siku ile hasa ambayo Aspen iliiona mwaka 1893. Kwa hiyo baba na mama, wakati wajumbe wa mutaa wanakutana na kampuni, muwaulize maneno matatu: Mwaka huu zile asilimia 15 na zile 0,3 zimejenga nini, na wapi? Kazi gani nyingine watoto wetu wanafundishwa leo, wakati fundi wa mugodi angaliko wa kuwafundisha? Na mugodi ukifungwa, nani ataacha udongo na maji safi, na feza ya kufanya hivyo imewekwa wapi?

Kule Utah watu walikuwa na mulima, kamba na treni ya zamani. Sisi tuko na udongo wa kulima, mito yenye nguvu ya umeme, maziwa, wahunzi, mafundi wa kila namna. Kila muji unaangalia chake. Maswali haya yaulizwe sasa, mawe yakingali ndani ya mulima.